Suti ya Kila Mtu

Kuna watu ukiwapa blanketi moja watalikata katikati ili watu wawili wajifunike, kisha wote wawili walale wakitetemeka, na wao wajisifu kwamba wametenda haki. Alexander, karani wa stoo katika shamba moja la mkonge upande wa Mwatate, alikuwa mmoja wao. Ovaroli zilizoletwa stoo yake zilikuwa za saizi moja tu, ile kubwa kabisa. Gambuti vilevile. Aliyekuwa mdogo alijaza matambara viatuni akaendelea na kazi, na ukilalamika unaambiwa mali ya kampuni si ya mtu mmoja, kesho itavaliwa na mwingine.

Reuben Mwakisha alikuwa ameyavumilia hayo miaka minne bila kusema neno. Gambuti likikupwaya hufi. Lakini kuna kitu kimoja ambacho hakikubali kuvaliwa na kila mtu, na hicho ndicho kilichomtoa Reuben pale shambani.

Nyuma ya kiwanda palikuwa na bwawa la maji yanayokamuliwa kutoka kwa majani ya mkonge. Maji hayo usiyafanyie mchezo. Yakikugusa mkono utajikuna mpaka utoe damu, na yanapotuama huoza yakawa meusi, yananuka hadi barabarani. Chini kabisa, kina cha watu watatu wakisimamiana mabegani, kulikuwa na lango la chuma la kuyafungulia. Lango lile lilikuwa limezibwa na nyuzi na takataka, likakataa kufunguka. Mwezi wa tatu mwaka ule wa sabini na sita, meneja alimwamuru Dishon Okoth, mkata mkonge aliyetoka pande za ziwa, azame na kaptura tu alilegeze. Eti watu wa ziwani wote ni samaki. Dishon aliogopa kupoteza kazi, akazama mara mbili. Mara ya tatu alitoka akipiga mayowe. Ngozi ilimbabuka mgongo mzima, na macho yake tangu siku hiyo yanatambua tu kwamba kumekucha au kumekuchwa. Shamba likampa mfuko wa unga na ratili mbili za sukari.

Reuben ndiye aliyembeba Dishon mgongoni kutoka bwawani. Tangu hapo alikuwa na hasira aliyoificha. Kila akimwona Namalwa, mke wa Dishon, akimshika mumewe mkono kumpeleka msalani, hasira ile inakua.

Basi mwezi wa sita maji yakapanda, yakakaribia kumwagika kwenye nyumba za wafanyakazi, na meneja akamwita Reuben. Katika shamba lile zima yeye peke yake ndiye aliyewahi kupumua kwa mtungi wa hewa chini ya maji. Kabla ya kurudi kwao Taita kuwa fundi wa mashine, alifanya kazi miaka minane pale Kilindini, akizama kukwangua matumbo ya meli. Reuben akamwambia meneja wazi kwamba hatazama bila suti kavu, ile ya mpira isiyopitisha hata tone la maji, na kwamba ataichagua mwenyewe. Meneja alinung'unika, lakini maji hayakuwa yakimngoja, akakubali.

Mfanyabiashara mmoja wa Mombasa aliyekuwa akiuza vifaa vya mitumba vya kuzamia akatuma suti tatu, mtungi wa hewa na mkanda wa vipande vya risasi wa kumtia mzamiaji uzito, kwa gari la moshi mpaka Voi. Masharti yake yalikuwa mepesi: chagueni suti moja, mbili zirudi na gari la kesho yake. Reuben na karani Alexander wakazifungua kwenye ghala la mizigo pale stesheni, jua likiwaka juu ya mabati.

Ya kwanza ilikuwa nyekundu ya kupendeza, na Alexander akaishika papo hapo kama aliyeonyeshwa mchumba. Reuben akaikunjua mahali ilipokuwa imekunjwa, akaivuta kidogo, na mpira ukaonyesha nyufa. Akaitupa kando. Ya pili ilikuwa nyeusi, nene, pana kama hema. Alexander akasema hiyo sasa ndiyo, hiyo itamwingia kila mtu, hata Kitheka. Kitheka alikuwa nyapara wa shambani, Mkamba mwenye kifua cha fahali na shingo nene kuliko paja la Reuben. Reuben akajizuia, akamweleza taratibu kwamba suti pana hujaa hewa, na ukiinama chini ya maji hewa yote hukimbilia miguuni, ukabaki kichwa chini miguu juu mpaka mtu aje akuvute, na kwenye bwawa lile hakuna wa kukuvuta.

Ya tatu ilikuwa ya kijivu, ina kiraka kwenye kiwiko, haina sura. Reuben akaifunga mikono na shingo kwa kamba, akaipuliza hewa kwa pampu ya baiskeli, akaipaka maji ya sabuni kila mshono. Hakuna povu lililotoka. Zipu ilipita bila kukwama. Akaivaa, kichwa kikipenya shingoni mwa suti kwa shida, akachuchumaa, akanyoosha mikono juu, akainama mpaka akashika vidole vya miguu, nayo ikamfuata kila alikokwenda. Kilichomfurahisha zaidi ni kola. Ilikuwa ya mpira laini, imechongoka kama faneli, na haijawahi kukatwa. Kola ya namna hiyo mzamiaji huikata mwenyewe, pete moja nyembamba baada ya nyingine, akiipima shingoni mpaka imbane bila kumnyonga. Ukikata kidogo, kesho utakata tena. Ukikata kupita kiasi, huna suti, una gunia.

Alexander akauliza kama hiyo nayo itamtosha Kitheka.

"Bwana karani, nisikilize vizuri," Reuben akasema. "Kola hii ni ya shingo yangu. Isiguswe na mkasi mpaka niwe nimeivaa. Umenielewa?"

Alexander akasema ameelewa. Akaitia suti sandukuni, akarudi nayo Mwatate, akaifungia stoo, na ufunguo akautia mfukoni mwake. Kazi ikapangwa Jumamosi asubuhi. Siku tatu zile Reuben alikuwa kwenye mashine kutwa, na mara mbili alipopita stoo kuomba aikate kola, alikuta kufuli mlangoni.

Jumamosi watu walijaa kwenye ukingo wa bwawa. Hata Dishon aliletwa na Namalwa, akaketi kwenye jiwe, uso ameuelekeza majini. Reuben alijipaka poda shingoni na mikononi ili mpira usimkwaruze. Akafungua sanduku. Akaitoa suti, akaingiza miguu, akaingiza mikono, akapitisha kichwa.

Kichwa kikapita bila shida yoyote. Hapo ndipo alipojua kuna jambo, kwa sababu kola ambayo haijakatwa haipitishi kichwa hivi hivi. Akapeleka mkono shingoni. Vidole vinne viliingia kati ya mpira na ngozi yake, vikacheza. Akatazama mikono ya suti, nayo imekatwa penye vifundo, imekuwa mipana kama ya kanzu.

Ikajulikana kwamba meneja alitaka pawe na watu wawili wa akiba, endapo Reuben angechoka. Alexander akawaita stoo wajaribu. Kitheka alipoivaa ikamnyonga mpaka macho yakamtoka pima, na Alexander, kwa huruma yake ile ya blanketi, akachukua mkasi akaipanua. Sasa, akasema huku akitabasamu, inamwingia kila mtu.

Loo! Reuben alihisi damu ikimpanda hadi utosini. Miaka minane alikuwa amezama kwenye maji ya mafuta na kutu na hakuna aliyethubutu kugusa kola yake. Akamuuliza Alexander kama yale masikio yalikuwa ya kutundikia miwani tu. Akamwambia meneja kwamba maji yataingia shingoni, suti itajaa, na mkanda wa risasi kiunoni utamshikilia mtu palepale chini huku maji ya mkonge yakimla ngozi. Suti hii imekufa, akasema. Ipelekwe Mombasa ikatiwe kola nyingine.

Meneja akatazama saa. Akasema hapo si Ulaya. Ovaroli watu wanavaa kwa zamu, gambuti wanavaa kwa zamu, hii ina nini hata iringiwe? Kama Reuben ameogopa aseme ameogopa, shamba lina wanaume wengine. Akageuka. Akasema atakayelifungua lango leo ndiye nyapara mkuu kuanzia Jumatatu.

 Kisha Kitheka akavua shati.

Reuben hakuamini. Kitheka alikuwa na watoto sita, na maji aliyoyajua ni ya mto kwao yanayofika kiunoni. Aliichukua ile suti, akaanza kuivaa, na ni kweli ilimkaa shingoni vizuri, angalau hapo Alexander hakukosea. Lakini mikono ilimpwaya hata yeye, kwa kuwa mtu kuwa na shingo nene si kusema ana viganja vya tembo. Na mtungi? Na lile giza la chini? Mkanda wa risasi akaufunga kinyume, mahali ambapo hata akitaka kuufungua kwa haraka hataweza.

"Kitheka, umewahi kupumua kwa mtungi?" Reuben akamuuliza.

"Utanionyesha."

"Kwa dakika ngapi? Bwana, ndugu yangu, utakufa."

"Kazi ni kazi," Kitheka akasema, bila kumtazama usoni.

Meneja akamwambia Reuben anyamaze, amfunge mwenzake huo mtungi. Dishon akasimama pale jiweni, akanyoosha mkono hewani akitafuta mtu wa kumshika, akasema msimwache aingie, msimwache. Hakuna aliyemsikiliza. Watu mia mbili wazima wenye macho yao walikuwa wakitazama mtu akivishwa kifo, na kila mmoja akawa anafikiria nyumba yake. Reuben aliwachukia wote wakati ule, wa kwanza akiwa yeye mwenyewe, kwa kuwa hata yeye alisita kidogo akimfikiria mkewe Mkamburi na ile nyumba ya shamba waliyoishi.

Kisha hakusita tena. Akampokonya mkata mkonge aliyekuwa karibu naye kisu chake, akamshika Kitheka begani kama anayetaka kumfunga mtungi, akachana ile suti kutoka kwenye kola mpaka kiunoni, kwa mkupuo mmoja. Akachana mguu wa kulia. Akachana wa kushoto. Kitheka akabaki amesimama na matambara ya mpira, ngozi haijaguswa popote.

"Sasa ni ya kila mtu," Reuben akamwambia karani. "Gawa."

Hawakumpiga. Meneja alisema maneno machache tu, kwamba ifikapo saa tisa nyumba iwe tupu.

Mkamburi alimkuta amekaa mlangoni, poda bado shingoni. Alikuwa amekwisha kusikia. Hakumlaumu, alianza tu kufunga sufuria kwa leso, akizibamiza moja juu ya nyingine. Saa nane na nusu wakafika watu waliotumwa kutoa vyombo nje, na aliyewaongoza alikuwa Kitheka.

Kitheka hakusalimu. Aliingia chumbani, akakishika kitanda upande mmoja, akakiburuta mpaka mlangoni, kikakwama. Hapo ndipo alipogeuka, macho mekundu.

"Jumatatu ningekuwa nyapara mkuu," akasema. "Watoto wangu sita, Reuben. Umenikatia riziki mbele ya watu wote."

Mkamburi akatupa sufuria chini. Akamwambia mumewe huyu mtu hana haya, Baba Wakesho, umempa uhai naye anakuja kukutolea kitanda na matusi juu yake. Akaanza kumwendea Kitheka.

Reuben akamshika mkono. Hasira ilikuwa imemjaa hadi machoni, na alitamani kumshika Kitheka ile shingo yake nene na kumtikisa mpaka aelewe. Alimtazama jasho likimtiririka, kifua kikipanda na kushuka.

"Mwache anichukie," akamwambia mkewe. "Maiti hamchukii mtu."

Kisha akainama, akakishika kitanda upande wa pili, wakakiinamisha pamoja, wakakitoa nje.