Suruali Nne za Mzee Naftali

Gari lilikuwa limeshatoka Ras Al Khor, buti imefungwa kwa kamba, na Teopista amekalia blanketi la harusi kwa sababu hakukuwa na pahali pengine pa kuliweka. Mbele, Naftali alikuwa amejaa kiti chote. Si kwamba alikuwa mnene. Alikuwa amevaa suruali nne, mashati matatu, koti la suti, na juu yake koti la baridi la kumpelekea shemeji yake wa Kitale. Dubai, mwezi wa saba! Lakini mizigo ilikuwa imezidi kilo, na kila anayerudi nyumbani anajua kwamba pale uwanjani wanapima sanduku, hawapimi mtu.

"Mzee, unapumua?" aliuliza Ken, dereva wa familia moja ya Mirdif. Madam wake alikuwa amemwachia gari mpaka saa sita mchana.

"Endesha gari. Pumzi yangu inakuhusu nini?"

Naftali alikuwa na furaha ya kupaa. Leo Jumatano anaruka, Jumamosi anamtembeza binti yake Caren kanisani, kutoka mlangoni hadi madhabahuni, kwa miguu yake mwenyewe. Jambo hilo lilikuwa limemkosesha raha kwa muda mrefu. Alikuwa mlinzi wa ghala la vipuri, kazi ya kusimama, na goti lake la kulia lilikuwa limevimba hata akawa anashuka ngazi kinyumenyume. Sasa halikuuma hata chembe. Jana yake alikuwa amecheza rumba na ufagio, kambi nzima ya wafanyakazi ikipiga makofi.

"Ken, yalla, simama hapo kwa petroli."

"Tena? Si tumesimama sasa hivi?"

"Kwani mkojo unaniomba ruhusa?"

Suruali nne ni zipu nne. Alikimbia akipapasa tumbo kama mtu aliyeingiwa na siafu, na Teopista akacheka mpaka machozi yakalowesha blanketi. Naftali alirudi na chupa mbili za maji, akaimaliza ya kwanza kabla hajafunga mlango.

Waliposimama mara ya tatu, Teopista hakucheka. Alikuwa Mganda, mlinzi katika ghorofa moja la Dubai Marina, na mama yake Masaka ana kisukari kama Naftali.

"Mzee, kiu hiyo si ya jua. Leta kidole."

Kipimo cha sukari cha mzee alikuwa amekibeba yeye, maana mkoba wa Naftali ulijaa simu za zawadi. Wakapima gari likiondoka tena. Mia nne na ushee, na hata mia mbili ni nyingi.

"Umekunywa soda?"

"Sijagusa soda."

"Umemeza nini basi?"

Naftali akatazama dirishani. Ken akasema, "Mzee..." Ndipo mkono ukazama kwenye mfuko wa suruali ya tatu, ukatoka na kikaratasi cha vidonge vyeupe. Fundi rangi wa gereji ya jirani alikuwa amemuuzia, na kwa wiki moja amekuwa akivimeza asubuhi na jioni.

"Hii dawa inaitwaje?"

"Inaitwa ya goti."

Ken alicheka hadi gari likayumba.

"Twende kliniki," Teopista akasema.

"Na ndege?"

"Ukizimia huko juu, watakushusha Nairobi kwa kiti cha magurudumu. Jumamosi utamtembeza nani? Si Caren ndiye atakusukuma wewe?"

Kibao cha uwanja wa ndege kilikuwa tayari kinaonekana. Naftali alikitazama hadi kikakaribia.

"Geuza," akasema.

Kliniki, nesi alimvua suruali ya kwanza, ya pili, na kwenye ya tatu akamwita mwenzake. "Njoo unisaidie, sijamfikia mgonjwa!" Chini kabisa wakakuta goti, na ndani ya kiatu kipya cha harusi wakakuta lengelenge lililopasuka. Naftali hakuwa amelisikia.

Daktari Hilwa, ambaye wazee wake walitoka Unguja, alivigeuza vile vidonge mkononi.

"Baba, hivi visivyo na jina mara nyingi huwa vimetiwa steroidi. Uvimbe unashuka, sukari inapanda. Goti lako halijapona, limenyamazishwa tu."

Alimtundikia maji, akamchoma insulini, akatoa damu ya kupima figo.

"Nitatembea Jumamosi?"

"Ukinisikiliza. Maumivu, meza panadol kwa kipimo nitakachokwambia, na nyingine usimeze bila kuuliza, zipo zinazoumiza figo. Kaa kitini, nyoosha mguu, shusha, nyoosha tena. Ukikanda, kitambaa kiwe cha vuguvugu, na kijaribu kwa mkono kwanza, maana miguu yako imekufa ganzi. Viatu vipana. Na fimbo."

"Fimbo harusini, daktari!"

"Fimbo au kiti. Chagua."

"Iwe nyeusi, basi. Ifanane na suti."

Ndege iliondoka bila yeye. Alilala kliniki, sukari ikashuka, akasafiri Alhamisi jioni na suruali moja. Jumamosi alimtembeza Caren akiwa na fimbo nyeusi mkononi na raba pana miguuni, polepole, hata kwaya ikalazimika kurudia wimbo tangu mwanzo. Ken alirudisha gari saa tisa, na madam hakumsemesha kwa wiki nzima. Fundi rangi alihamia Sharjah baada ya kambi kupata habari. Naftali alirudi kazini, akapewa zamu ya getini, kwenye kiti, na goti lake huuma siku za kusimama sana. Suruali tatu alizivaa Ken. Blanketi lilibaki kwa Teopista, maana kilo hazikuongezwa.