Hereni Namba Kumi na Nne

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mgeni anayekuja na sindano mimi humtazama mara mbili. Daktari wa mifugo Nancy alipofika kwangu Ngenge kutoka Bukoba na sanduku lake la barafu, nilimtazama mara kumi.

Alisema wanajaribu chanjo ya kifua kikuu cha ng'ombe, na zizi langu linafaa kwa kuwa kipimo kilikuwa kimeukuta ugonjwa kwa ng'ombe wakubwa wawili. Ndama wangevishwa hereni za namba. Baadhi wangedungwa chanjo, wengine maji ya chumvi tu.

"Yupi atapata nini?" nikauliza.

"Hata mimi sijui, mzee Rugaibula. Orodha imefungwa Bukoba mpaka mwisho, tusije tukapendelea."

Hajui anachodunga, nami nimwamini? Tena akaongeza kwamba vijidudu vya chanjo hiyo ni hai, ila vimedhoofishwa. Hilo neno "hai" sikulipenda hata kidogo.

Ndama wangu Bihogo alipata namba kumi na nne. Alikuwa wa mwisho wa uzao wa ng'ombe wa marehemu mke wangu, Klaudia, na nilimpenda kuliko wote. Siku ya kumi shingo yake ikavimba pale alipodungwa. Nancy akaniambia kwa simu kwamba uvimbe utaisha wenyewe. Sikumwamini. Nilijua wamempandikiza ugonjwa, na wenzake zizini watafuata.

Kwetu ng'ombe wote hawalali zizi moja. Mmoja unamweka kwa rafiki, naye anakuwekea wake, ili janga likija lisikombe kila kitu. Basi nikaikata ile hereni, nikampeleka Bihogo kwa rafiki yangu Datius kule Kagoma, nikarudi na ndama wake aliyefanana na Bihogo. Tuliagana kwa kutafuna akamwani, buni zetu zilizokaushwa, kutoka kiganja kimoja, kama wafanyavyo watu wanaoaminiana. Habari ya uvimbe sikuitaja. Hereni nikamfungia yule ndama mgeni kwa waya, na Nancy alipouliza, nikasema iling'olewa na uzio.

Mwaka ulipita. Vipimo vikaja, na namba kumi na nne akakutwa ameambukizwa. Datius aliposikia kwamba ndama wake atachinjwa, akaja kwangu asubuhi ileile aliyorudi Nancy na karatasi zake. Nilikuwa ndiyo kwanza nimeweka kisahani cha akamwani mezani.

"Orodha imefunguliwa," Nancy alisema. "Namba kumi na nne alichanjwa. Itabidi niandike kwamba chanjo haikumkinga."

Ningeweza kunyamaza. Lakini kwa uongo wangu dawa njema ingetupwa, na aibu ilinichoma.

"Huyo siye uliyemchanja," nikasema. "Wako ni Bihogo, yuko Kagoma, mzima. Nilimwondoa kwa sababu alivimba. Nilidhani mmempa kifua kikuu."

Nancy alikasirika, akatoka nje kupiga simu. Datius hakupandisha sauti.

"Waitu, rafiki yangu Rugaibula. Ulidhani anaumwa, ukamleta kwenye zizi langu?"

Nikamsogezea kisahani. Alichukua buni mbili, akazigeuzageuza kiganjani, akazikagua kama mimi nilivyokagua sindano ya Nancy. Kisha akazirudisha, akaenda kumfungua ndama wake, ampeleke machinjioni mwenyewe.