Kikuku cha Sikudhani

Sabuni haikuwapo, mafuta hayakuwapo. Sikudhani alikipaka kifundo cha mkono mlenda, ule ule aliokusudia kuula, ili kikuku kiteleze. Akida wa Wajerumani alisimama uani pamoja na askari wawili.

"Vuta, mwanamke! Sanamu limebaki pindo la mkono tu."

Sanamu lenyewe ni la Mjerumani aliyeuawa vitani: mwili wa mti uliovikwa vipande vya shaba, mbele ya boma la Kibiti. Vita ya maji imeteketeza mashamba, watu wanachimba mizizi porini, na wakubwa wanataka shaba! Sufuria za harusi zimekwenda. Sinia za maulidi zimekwenda. Hata kata ya msikitini ya kuoshea maiti haikusazwa, astaghfirullah.

Kilibaki kikuku cha Sikudhani, kipana, alichofuliwa na mumewe Bwanaheri, akavishwa naye siku ya ndoa. Kwao mke hakivui kikuku hicho ila mume akifa. Kukivua mume angali hai ni uchuro, ni kumwitia mauti. Na Bwanaheri alikuwa bomani, mnyororo shingoni, eti kanywa dawa ya maji ya waasi.

"Bwana Akida, nakuomba. Mume wangu yu hai. Nikikivua nimemzika."

Akida alilainisha sauti. "Mwenye kutoa shaba, mtu wake anaachiwa. Au wako humtaki?"

"Apa."

"Wallahi!" Aliapa upesi, kama mtu anayetema kokwa.

Humtaki! Mtu atajibu nini hapo, jamani? Sikudhani alifumba macho akavuta. Kikuku kilitoka na ngozi.

"Nisamehe, Bwanaheri," alisema. Askari alikitupa kikapuni.

Usiku kucha hakulala, roho inamsuta. Kulipokucha alikwenda bomani, kanzu safi ya mumewe kaikunja kwapani. Mlangoni alimkuta askari aitwaye Nassibu, mtoto wa mtaa wa pili, naye alimwangalia mara moja akainamisha kichwa.

"Dada, hawakukwambia? Bwanaheri alinyongwa Ijumaa."

Ijumaa. Naye kikuku alikivua jana, Jumatatu.

Alikaa chini palepale mchangani. Akida alitoka akijifuta mdomo.

"Uliapa!" Sikudhani alimpigia kelele. "Uliapa kwa Mungu, nawe unajua amekufa!"

"Sasa unalia nini? Si ulikivua kwa wakati wake? Mila yako haikuvunjika." Alimsukumia bakuli la majivu na ukwaju. "Haya, wajane wenzako wako pale. Bwana Mkubwa anataka sanamu ling'ae kabla ya adhuhuri."

"Mimi nina eda, Bwana Akida. Mfiwa hatoki ndani."

"Eda utakaa ukimaliza."

Wanawake walikuwa wamelizunguka sanamu, wanasugua, hakuna anayemtazama mwenzake. Mmoja alisogea kumpisha. Sikudhani alianzia kwenye buti, akapanda mpaka kwenye mkono. Pale aliona kikuku chake. Fundi hakujisumbua hata kukiponda. Alikipasua akakipigilia misumari kuwa pindo la mkono wa koti la Mjerumani. Alama za nyundo ya Bwanaheri zilikuwapo vilevile, na unyuzi wa mlenda umekaukia ndani yake.

Aliingiza kucha chini yake, akavuta. Akavuta tena kwa nguvu zake zote. Hakikutoka.

"We mwanamke! Sugua!" Akida alifoka.

Sikudhani alichovya kitambaa kwenye ukwaju, akasugua. Kikuku kikaanza kung'aa.