Modemu ya Kumwona Dada

Muuzaji aliniuliza nataka modemu ya kazi gani, nikamjibu ya kusoma midomo. Akanitazama kama nimechanganyikiwa. Basi ikabidi nimweleze, ingawa subira siku hiyo sikuwa nayo, na kwetu subira hata hatukurithishwa.

Mama yetu alikuwa kiziwi. Mimi na dada yangu tulikua tukiongea naye kwa midomo na mikono, na hata tulipobaki wawili tulipiga umbea wetu bila sauti, wageni wakidhani tumenuniana. Nyumba ile ilikuwa na mwiko mmoja: ukiongea na mtu, usimgeuzie uso. Kwa mama, kugeuza uso ilikuwa sawa na kumbamizia mlango. Hata uwe na hasira za kupasua sahani, uso unauacha palepale.

Sasa dada yuko nchi ya mbali, na madaktari wamempasua koo, wakamtoa kisanduku cha sauti kwa sababu ya kansa. Watu walilia eti hatasema tena. Nikawaambia, nyie, mimi na huyu tulihitaji sauti lini? Tutaongea kwa simu ya picha, kama zamani. Nilijitapa, jamani.

Kumbe! Kila nikimpigia tunaanza vizuri. Ananitania nywele zangu, ananisimulia mumewe anavyounguza mboga, tunacheka mpaka mbavu zinauma. Nikifika kwenye swali lenyewe, "Daktari kasema nini? Nije?" picha inaganda. Dada anabaki ananitazama tu, mdomo umefumba, hatikisiki. Nagonga kioo, naita halo, halo, mwisho nakata simu kwa hasira. Baadaye unaingia ujumbe: "Mtandao mbovu. Nipo salama. Usije, nikipona nitakuja mimi." Nikimpigia shemeji, ananijibu, "Muulize mwenyewe, shemeji," halafu anakata simu.

Na mimi nilitaka kujua kitu kimoja tu: niende sasa, au nisubiri aje.

"Pole sana, mama," alisema yule muuzaji. Mtaa mzima unamwita Bwana Waya, mtu mzima mwenye kitambi na bisibisi mfukoni. Akaniuliza kifurushi changu ni cha spidi gani, kisha akaweka modemu mbili mezani. Ya kwanza ilikuwa ya zamani. "Itapita, lakini jioni majirani wote wakiingia mtandaoni, itakuchosha." Ya pili ilikuwa na njia nyingi zaidi za kupokea na kutuma, na kampuni inayoniletea intaneti ilikuwa inaikubali. "Maana ukinunua wasiyoikubali, umenunua pambo la kabati."

Nikachukua ya pili. Akaja nayo mwenyewe nyumbani.

Sikatai, kazi anaijua. Kwanza alipima spidi kwa modemu yangu kuukuu, sikujua kwa nini. Kisha akaichomoa, akatoa kiungio chenye kutu kilichogawa waya kati ya intaneti na televisheni, akaufunga waya moja kwa moja kwenye modemu mpya. Akapiga simu kampuni, akawasomea namba iliyo chini ya modemu. Tukakaa tukizitazama taa zinavyopepesa, mpaka zikatulia zote. Akaunganisha kompyuta kwa waya, akapima tena. Mshale ukapanda mpaka nikapiga kigelegele.

Bwana Waya hakushangilia. Alikuna kichwa.

"Mama, nisikufiche. Hii mpya ni moto. Lakini hata ile yako kuukuu haikuwa mbaya hivyo. Kwa simu ya picha ingetosha."

"Ingetosha? Mbona dada yangu anaganda?"

"Labda tatizo liko upande wake."

"Upande wake upi? Mumewe anatazama mpira kwa mtandao huohuo, hakosi hata bao! Wewe funga waya, mengine niachie."

Hakunijibu kwa ukali. Alikusanya vifaa vyake taratibu, akasema, "Boksi usilichane, na risiti itunze. Ukiona haikusaidii, irudishe wiki hii." Nikamsindikiza mlangoni nikiwa nimevimba.

Nikampigia dada mchana uleule. Uso wake ukaja safi, mpaka kovu la shingoni nililiona, mpaka mashavu yalivyobonyea. Nilikuwa sijajua kwamba amekonda kiasi kile. Nikamwonyesha modemu, akacheka bila sauti, midomo ikaniambia, "Wewe na fujo zako! Umenunua mtambo mzima." Nikacheka nami. Kisha nikamuuliza.

"Dada, daktari kasema nini? Nije?"

Akaganda.

Nikageuka kuitazama modemu, tusi liko mdomoni. Taa zote zimetulia, hakuna hata moja inayopepesa. Nikarudi kwa dada. Ananitazama, mdomo umefumba. Nyuma yake pazia likacheza na upepo. Halafu shemeji akapita amebeba beseni, akaniona namwona, akainamisha kichwa.

Moyo ukanipasuka. Picha haikuganda, wala haikuwahi kuganda. Ni dada. Hataki kunijibu, na hawezi kunigeuzia uso, kwa sababu sisi hatukulelewa hivyo. Mama alipomuuliza jambo gumu alifanya hivihivi, anautuliza uso kimya, inzi hata atue puani. Nilikaa naye miaka yote ile mkeka mmoja, na uso ule sikuutambua. Nikaenda kutukana waya.

Sikutoa sauti. Nilimwambia kwa midomo, polepole, "Dada. Nakuona."

Uso wake ulijitahidi. Ulijitahidi sana, masikini dada yangu. Kisha kidevu kikaanza kutetemeka, na machozi yakamtoka akiwa bado ananitazama.

"Irudishe modemu," midomo yake ikasema.

"Halafu?"

"Njoo."

"Lini?"

"Wahi."

Nikamwomba arudie. Nilimwona vizuri mara ya kwanza, picha ilikuwa safi kabisa, lakini nikamwomba arudie.