Siku Saba kwa Jicho Moja

Mimi ni fundi wa rangi za magari. Shule niliishia darasa la sita, kwa hiyo mkikuta humu neno lisilo na adabu, lawama ziende kwa darasa la saba, maana hatukuwahi kukutana.

Vilevile ni askari wa akiba. Yaani Jumamosi na Jumapili ya mwisho wa kila mwezi navua ovaroli yenye madoa, navaa gwanda, naenda kambini kufokewa na sajini aliyezaliwa mwaka nilioanza kunyoa ndevu. Jumatatu narudi karakanani kupuliza bampa za watu.

Nimefanya hivyo miaka kumi na tano. Nisidanganye kwamba nilivutwa na bendera. Nilivutwa na kijitabu. Kina jalada la kung'aa, na juu yake picha ya familia: baba ndani ya gwanda, mama, na watoto watatu, wote wanacheka hadi magego yanaonekana. Kinaitwa Manufaa ya Askari wa Akiba na Familia Yake. Ndani kuna matibabu, masomo, likizo, hata mazishi. Nilimsomea mke wangu ukurasa kwa ukurasa. Akaniambia, "Hawa wanaocheka hivi hawajaenda kuyaomba bado."

Kwa miaka kumi na tano manufaa niliyoyashika mkononi ni kishikio cha funguo, kofia isiyonienea, na vyeti vitatu vya nidhamu njema. Vyeti nimevitundika karakanani, vinakula vumbi la rangi. Kimoja sasa ni cha bluu.

Halafu macho ya mke wangu yakaanza kugoma.

Yeye ni fundi cherehani, anashonea sebuleni kwetu sare za wanafunzi. Mwanzoni alizilaumu sindano. "Siku hizi wanazitengeneza bila matundu," alisema. Baadaye akamshonea mteja mkono wa shati nyuma mbele. Siku moja akaliamkia koti langu lililoning'inia nyuma ya mlango, "Shikamoo mama," akidhani mama yangu ametutembelea. Mama alipohadithiwa hakucheka. Mimi nilicheka, kisha nikaingia chooni nikakaa kwa muda.

Daktari wa zahanati alimmulika akasema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. Dawa yake ni kupasuliwa tu. Hospitali za nje ya jeshi, kwa bei waliyoitaja, ningeuza kompresa ya kupulizia rangi na mabati yaliyoifunika. Lakini hospitali ya jeshi inaye daktari wa macho, tena sifa zake nzuri. Nikachukua kijitabu changu, nikafuta vumbi, nikaenda kwenye dawati la manufaa.

Dawati hilo analo koplo mmoja mwanamama ambaye sisi tunamwita Muhuri, kwa sababu ukimsalimia anatafuta kwanza muhuri ndipo aitikie.

"Kadi," akasema. Nikampa. Akaisoma mbele na nyuma. "Mkeo ana haki zote."

"Mungu mkubwa."

"Haki zote, muda wote wewe ukiwa kazini."

"Afande, nipo kazini miaka kumi na tano."

"Upo kazini siku mbili za mwisho wa mwezi. Siku nyingine wewe ni raia kama muuza mkaa."

"Basi nitamleta Jumamosi."

"Jumamosi daktari wa macho hapasui. Anapasua Jumatano, na Ijumaa anawakagua aliowapasua."

Nilimwangalia nione kama anatania. Hakuwa anatania. Nadhani hajawahi.

"Kwa hiyo, afande, mke wangu anatakiwa augue Jumamosi asubuhi na awe amepona Jumapili jioni, kabla bendera haijashushwa?"

"Wapo wanaowahi," akajibu, na akagonga muhuri kwenye karatasi ambayo wala haikuwa yangu.

Nyuma yangu kwenye foleni alikuwa amesimama Siku Saba. Huyu ni dereva wa lori la taka, na ndiye askari mbovu kuliko wote kikosini. Analala lindoni akiwa amesimama. Amewahi kupoteza buti alilokuwa amelivaa. Jina hilo amepewa kwa sababu kila mwezi hakosi siku saba za mahabusu ya kambi. Siku hiyo alikuwa na familia yake, nami nikaiangalia vizuri kwa mara ya kwanza. Mkewe alikuwa na meno mapya meupe. Mtoto mkubwa alikuwa na miwani, wa kati alishatolewa tezi za kooni, na mdogo alikuwa na viatu maalumu vya kunyoosha miguu. Ile familia ya kwenye jalada la kijitabu ilikuwa imesimama mbele yangu, inacheka.

Nikamvuta hadi kwenye bomba la maji. "Ndugu yangu, wewe unafanyaje?"

"Shemeji anaumwa?"

"Macho."

Akatikisa kichwa kwa huruma. "Fundi, shida yako wewe ni tabia njema." Akachukua kijitabu changu, akakifungua ukurasa wa thelathini na moja bila kutafuta, kama mtu anayefungua mlango wa kwake. Chini kabisa, kwa herufi za ukubwa wa sisimizi, paliandikwa: Muda wa adhabu ndani ya kambi utahesabiwa kuwa muda wa kazi.

"Ukifungwa Jumapili," akasema, "unakuwa kazini Jumatatu, Jumanne, Jumatano, wiki nzima. Mke anatibiwa kama mke wa jenerali. Unadhani mimi napenda kulala lindoni? Mimi nina usingizi mwepesi sana. Yale yalikuwa meno ya mama watoto."

Nilirudi dawatini kuhakikisha. Muhuri akasoma ule mstari, akasema, "Ndivyo ilivyo. Uniletee nakala ya hati ya adhabu." Alisema hivyo kama mtu anayekuagiza picha mbili za pasipoti.

Nyumbani nilimweleza mke wangu. Akapapasa kitambaa mezani kutafuta mkasi uliokuwa mbele yake. Nikamsogezea.

"Wewe ufungwe?" akasema. "Wewe unayemwomba radhi jirani mbwa wake akikubwekea?"

"Nitajitahidi."

"Jitahidi. Jana nimeshona mfuko wa suruali ukafunga kabisa. Mtoto wa watu hana pa kuingiza mkono. Mwezi mwingine kama huu, cherehani naiuza."

Mwisho wa mwezi ukafika. Jumamosi nikachelewa gwaride saa nzima kwa makusudi, nikikaa kwenye kibanda cha mkabala na lango, nakunywa chai ya pili nisiyoitaka. Nilipoingia, Sajini akanijia mbio. Sajini wetu huyu anajulikana kwa ukaguzi. Anakagua kucha, anakagua masikio, anapima kwa rula umbali wa kifungo na kifungo. Wanasema anaona vumbi kabla halijatua.

"Fundi! Gari limekuharibikia?"

"Hapana, Sajini. Nilikuwa nakunywa chai."

Akacheka hadi akashika tumbo. "Mnamsikia? Hataki kusingizia gari! Huu ndio uungwana." Akaniandika nimehudhuria.

Mchana nikaacha kumpigia saluti luteni mmoja. Luteni akaniuliza kama nina homa, akaamuru nipewe kivuli na maji. Pembeni Siku Saba alikuwa anafagia, anasikitika kama kocha anayeona timu yake inafungwa.

"Unafanya makosa ya kitoto," akaninong'oneza. "Gusa pale jeshi linapoumia."

Na jeshi linaumia wapi? Nilikaa kwenye hicho kivuli changu nikafikiri. Kambi yetu ina mawe mia mbili na kumi na mawili, yamepangwa kandokando ya njia kutoka langoni hadi mlingoti wa bendera. Kila mwaka yanapakwa chokaa nyeupe, na kazi hiyo nimekabidhiwa mimi kwa sababu ya ufundi wangu. Bunduki zetu mbili hazifyatuki, paa la bweni linavuja, lakini mawe hayajawahi kuwa na doa. Zamu yangu ya kuyapaka ilikuwa jioni hiyohiyo. Na nyuma ya pikipiki yangu kulikuwa na kopo la rangi nyekundu, limebaki kutoka kwenye gari la bwana harusi.

Jumapili asubuhi kamanda wa kikosi aliingia langoni akakuta njia ya mawe ya rangi ya waridi: chokaa ya jeshi na nyekundu ya bwana harusi.

Niseme ukweli kama fundi: yalipendeza. Lakini Sajini alishika shavu kama mtu aliyeng'olewa jino bila ganzi. Nusu saa baadaye nilikuwa nimesimama wima ofisini kwa kamanda, kofia kwapani, Sajini pembeni yangu anapumua kwa shida.

Kamanda ni mtu mzima, mpole, ana ndevu mbili tatu za kidevuni anazozivuta akifikiri. Alikuja akasimama mbele yangu, uso kwa uso, karibu kiasi kwamba nilijua alichokunywa asubuhi. Akanikagua kuanzia buti hadi mabega hadi utosi.

"Fundi," akasema, "miaka kumi na tano. Vyeti vitatu. Ni wewe uliyenipulizia mlango wa gari langu, na mpaka leo sijui ni mlango upi uliogongwa. Kuna tatizo nyumbani?"

"Hakuna, afande." Ningesema lipo, angenionea huruma, na huruma sikuja kuitafuta.

"Basi ni uchovu. Nenda kayapake upya. Nimekusamehe."

Sajini akashusha pumzi. Mimi nikaona Jumatano ikinipita hivihivi. Nikaona sindano, na mkono wa mke wangu ukichoma hewa.

"Afande, naomba nisisamehewe."

"Unasemaje?"

"Nakataa msamaha, afande."

Akazivuta zile ndevu. "Fundi, hiyo ni amri. Umesamehewa."

"Basi nakataa amri, afande."

Sajini alifumba macho. Kamanda akawa mwekundu kupita mawe yangu. "Siku tatu mahabusu!"

Nikahesabu kwa vidole nyuma ya mgongo. Jumapili, Jumatatu, Jumanne. "Hazitoshi, afande."

"Eti nini?"

"Hazifiki Jumatano."

"Tano!"

"Na ukaguzi wa Ijumaa je, afande?"

"Saba!" akapiga meza, kikombe kikaruka. "Saba, na ukifungua tena mdomo nakufukuza jeshi!"

Nikafunga mdomo. Nimenunua na kuuza magari mengi mabovu maishani, lakini sijawahi kufunga biashara tamu kama ile. Nilimpigia saluti iliyonyooka kuliko zote za miaka kumi na tano.

Mahabusu ya kambi ni chumba chenye vitanda vinne na dirisha moja. Kitanda cha dirishani kilishakaliwa.

"Karibu nyumbani," akasema Siku Saba. Safari hii ilikuwa sikio la binti yake.

Walinipa kazi ya kuyarudisha mawe kwenye weupe wake, moja baada ya jingine. Jumatano saa nne asubuhi nilikuwa jiwe la tisini na ngapi huko. Nilijua saa hiyo wamemlaza. Jiwe hilo nililipaka mara tatu, mlinzi akaniuliza kama nataka kulioa.

Mengine nilihadithiwa. Mama mkwe wangu ndiye aliyemshika mkono hadi hospitali, huku akilalamika njia nzima kwamba binti yake, mtoto wa watu wenye heshima, ameolewa na mfungwa. Mapokezini wakamuuliza mke wangu, "Mumeo yuko kazini?"

"Kafungwa," akajibu mama mkwe kwa uchungu.

"Hongereni," akasema karani, akagonga muhuri.

Jumapili nilitoka. Nilimkuta mke wangu ameketi kwenye cherehani, mlango uko wazi, jua limejaa sebuleni. Jicho la kulia lilikuwa jekundu kidogo lakini liko wazi, linang'aa. La kushoto bado lina ukungu wake, maana daktari hapasui mawili kwa pamoja. La pili mwezi ujao, kama mume atakuwa kazini. Hakunisalimia. Alinyanyua sindano juu, akalamba ncha ya uzi, akaupitisha mara moja tu, halafu akaniangalia kwa kiburi kama aliyeruka ukuta.

Nikasimama tu na kofia yangu.

"Kumbe umezeeka hivi," akasema, "na hukunipa taarifa."

"Nawe umepona tu, umeanza."

"Sogea nikuone." Nikasogea. Akanishika mkono wa gwanda, akanigeuza kuelekea mwangani. Akakodoa. "Hii nembo ya begani nani alikushonea?"

"Wewe. Gwanda jipya la mwaka jana."

Nembo ya kikosi chetu ni duara la kijani, nyota juu, mkuki umelala chini. Yangu ilikuwa na mkuki juu na nyota chini. Mke wangu aliegemea cherehani akacheka hadi machozi yakamtoka, nami nikamwambia daktari kakataza machozi, akazidi.

Kichwa chini miguu juu, mwaka mzima. Nimepita gwaride kumi na mbili. Sajini amepima vifungo vyangu kwa rula. Luteni ameniuliza homa. Kamanda amenisogelea hadi nikanusa chai yake, akanikagua mabega yote mawili, akaona miaka kumi na tano isiyo na doa.

"Vua nikurekebishie, usije ukaniaibisha," akasema, na wembe alishaushika, ncha iko kwenye uzi wa kwanza.

Nikamdaka mkono.

"Acha hivyohivyo, mwezi ujao nitamwonyesha Sajini," nikamwambia. "Hilo ni jicho la kushoto."