Sauti ya Nyuma

Kinyaa kilimpanda Shakila tangu makofi ya kwanza. Ukumbi mzima pale Makole ulisimama kumshangilia Alfonce, na Alfonce, bila haya, akawa anainama kushoto na kulia kama bwana harusi. Katika rekodi aliyoipiga, ngoma zilisikika, besi ilitikisa madirisha, lakini mwimbaji hakusikika hata chembe. Na mwimbaji alikuwa Shakila.

Pembeni yake alikaa mama yake, Bi Mwanne, aliyetoka Chemba kwa basi la alfajiri kwa jambo moja tu: kusikia wimbo wa Kisandawe wa kubembelezea watoto, aliourithi kwa mama yake, ukiimbwa na mwanawe kwenye spika kubwa za mjini. Alivaa kitenge cha sikukuu. Sasa alipiga makofi kwa adabu, huku akimtazama binti yake kwa jicho la kuuliza.

Alfonce ni karani huko Mtumba, na raha yake ni kompyuta kuukuu ambayo ndani yake muziki hupangwa kwa namba, mistari ikishuka kwenye kioo. Humo kuna ujanja alioupenda kuliko watu. Sauti ya Shakila aliipeleka spika ya kushoto na ya kulia, ila ya upande mmoja akayageuza mawimbi yake kinyume, ili msikilizaji adhani inatoka nyuma yake. Kwenye hedifoni ilikuwa ajabu kweli, hakuna wa kubisha. Lakini kushoto na kulia vikipitishwa waya mmoja, sauti hizo mbili hukutana zikauana, kama watu wawili wanaosukuma mlango mmoja, huyu kwa ndani, yule kwa nje. Mlango hauendi popote.

"Kaka Alfonce, si nilikwambia asubuhi?" Adamu, fundi wa spika, alisema akikunja nyaya. "Leo ni waya mmoja tu. Tulipojaribu, dada hakusikika kabisa."

Shakila akamgeukia Alfonce. "Ulijua?"

"Ningebadili namba moja tu, ungesikika," Alfonce alijibu, bado anatabasamu. "Lakini ungekaa mbele, kama kwenye nyimbo za kila mtu. Ningeharibu kazi yangu. Wajuzi watasikiliza nyumbani."

Namba moja! Shakila alitamani kutema mate. Mtu huyuhuyu, akiwa ameshajua, alimpokea mama mlangoni: "Shikamoo mama, karibu, leo utamsikia mwanao." Uso mkavu. Hata paka akiiba nyama hukimbia.

Kana kwamba hayo hayatoshi, Alfonce akamvalisha Bi Mwanne hedifoni. "Mama, sikia mwenyewe."

Bi Mwanne alitulia. Ghafla akageuka nyuma kumtafuta mwanawe. Huko kulikuwa na viti vitupu na mtu anafagia. Akageuka tena, akamkuta Shakila mbele yake, mdomo umefumba.

"Kumbe alikuwamo," alisema taratibu, akivua hedifoni. "Na watu wameshaondoka."

"Futa sauti yangu," Shakila akamwambia Alfonce.

Alfonce alicheka, kisha akaona hataniwi. "Shakila, usinifanyie hivyo. Bila wewe huo si wimbo."

"Mbona umepigiwa makofi?"

Alfonce akaivuta kompyuta, akaanza kufuta. Shakila alimsimamia mpaka mistari yote ya sauti yake ikabaki mitupu, kisha akamshika mama yake mkono wakatoka.