Taa ya Kushoto

Mwalimu wa udereva hakuwa mtu wa michezo ya kompyuta. Kila alipomkuta mwanawe kwenye ule mchezo wa zamani wa kufukuzana na polisi na kumiminiana risasi, alifoka: "Ndivyo nilivyokufundisha kuendesha? Hata taa nyekundu huioni!" Kijana alicheka tu. Sasa ana miezi minane kaburini, homa ya siku nne tu, na jamani, baba mtu angetoa nini asikie tena kile kicheko!

Kompyuta ilibaki chumbani kwake. Kila jioni mama yake akirudi kutoka kazini huiwasha, akalitazama gari jekundu pale kijana alipoliacha: kando ya daraja, mlango umebonyea, taa ya kushoto imevunjika. Hachezi. Akishatazama huzima, akaenda kupika.

Mwalimu naye, mchana akiwa peke yake, akaanza kuliendesha. Binti yao alimwonya: "Endesha utakavyo, baba, ila gereji usiingie. Ukiingia tu mchezo unajihifadhi, na pale alipoishia kaka panafutika." Akaitikia. Aliendesha polepole, akasimama kwenye taa, akawapisha waenda kwa miguu; polisi wa mchezo hawakuwa na kazi naye. Moyo ukatulia kidogo.

Lakini mazoea yana taabu. Miaka thelathini hajapata kulaza gari nje. Siku hiyo, saa ya kufunga kazi ilipofika, aliona mlango wa gereji uko wazi, na mikono ikaliingiza gari kabla akili haijashtuka. Lo! Likatoka linang'aa, taa zote nzima. Maandishi yakatokea: mchezo umehifadhiwa.

Mkewe alimkuta bado kashika kichwa. Akatazama kioo cha kompyuta kwa muda mrefu.

"Nani kamwoshea mwanangu gari?"

"Mimi. Nilisahau, mke wangu. Nisamehe." Machozi yakamtoka.

Mke hakufoka, na hilo lilimuuma zaidi. Alivuta kiti, akaketi. "Basi lirudishe darajani. Livunje taa."

Mwalimu, aliyelea familia kwa kufundisha watu wasigonge, akalipeleka mbio ukutani. Ikavunjika ya kulia. Akalirudisha gereji, likatengenezwa, akagonga tena. Zikavunjika zote mbili. Jikoni hakukuwashwa moto siku hiyo. Aligonga na kugonga, na kila mara mkewe alimwambia taratibu, "Siyo hiyo, baba. Ya kushoto."